Maneno tunayowapelekea wafiwa yapimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotufika sote, nalo ni maneno tunayowaambia na kuwaandikia watu waliofiwa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa kamati ya misiba katika mtaa wetu hapa jijini Dodoma. Watu hudhani kazi ya katibu huyo ni kuandika michango kwenye daftari na kuhesabu viti vya kukodi, lakini ndiye pia anayepokea barua za rambirambi, anayezisoma mbele ya waombolezaji kabla ya safari ya makaburini, na anayefuatwa na majirani pembeni ya turubai na kuambiwa, "Mwalimu, hebu niandikie maneno mawili, mwenzio sijui niseme nini." Kwa sababu hiyo nimesikia na kusoma rambirambi nyingi, zilizofariji na zilizojeruhi, na nimeona si sawa kuendelea kunyamaza.

Ninachokisema ni hiki: neno la kumfariji aliyefiwa linapaswa kumwendea yeye mwenyewe, limtaje marehemu kwa jambo ambalo msemaji analijua kweli, na liishie hapo. Lisimwamuru mfiwa namna ya kuhuzunika, lisimhoji, wala lisijitwike kazi ya kueleza Mwenyezi Mungu alikusudia nini. Sehemu kubwa ya maneno tuliyoyazoea hukosea katika moja ya mambo hayo, na mengine hukosea katika yote kwa sentensi moja.

Nianze na lile tunalolisema kuliko mengine yote: "Kazi ya Mungu haina makosa." Mimi ni muumini na sina ugomvi na imani iliyomo ndani ya maneno hayo. Swali langu ni nani anayasema, anamwambia nani na kwa wakati gani. Katika msiba mmoja wa kijana aliyegongwa na gari kwenye barabara ya kwenda Singida, mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta, na kila aliyeinama kumshika mkono alimwambia maneno hayohayo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mama yule akamwuliza mmoja wao, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hiyo na yule dereva hana makosa?" Hakuna aliyemjibu. Waliokuja walikuwa na nia njema, tena wengine walikuwa wamefunga maduka yao ili wawahi, lakini kile walichokileta kama faraja kilimfikia kama agizo la kukubali upesi jambo ambalo akili yake ilikuwa haijalipokea hata kidogo.

Wapo watakaonikumbusha Ayubu na maneno yake, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Naomba warudi wasome tena, maana aliyeyasema ni mfiwa mwenyewe, siku ile ile alipowapoteza wanawe. Hakuambiwa na mgeni. Rafiki zake watatu walipofika, sura ya pili inatueleza kwamba waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hapana aliyemwambia neno lolote, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kubwa mno. Kwa siku hizo saba walikuwa wafariji wa kweli. Walipofungua vinywa na kuanza kumweleza kwa nini yamempata yaliyompata, ndipo Ayubu alipowaita wafariji wenye kutaabisha, na mwisho wa kitabu ni wao waliokemewa na Mungu. Mfiwa akisema mwenyewe kwamba Bwana ametwaa, sisi tuitikie amina kwa moyo wote. Tukimtangulia kulisema, tunamnyang'anya neno ambalo alipaswa kulifikia kwa wakati wake.

Ndugu zetu Waislamu, ambao hapa mjini na kule Kondoa tumezikana nao siku zote, wana mafundisho yanayoelekea hukohuko. Imepokewa katika hadithi kwamba binti wa Mtume Muhammad (S.A.W.) alimpelekea baba yake habari kuwa mtoto wake yuko katika kukata roho, na Mtume akamrudishia salamu kwamba alichokichukua Mwenyezi Mungu ni chake na alichokitoa ni chake, na kila kitu kwake kina muda maalumu, basi asubiri na atarajie malipo. Binti akamtumia tena ujumbe, akimwapia kwamba lazima aje. Akaenda, akampokea mtoto yule mikononi, na macho yake yakabubujika machozi. Sa'd bin Ubada alipouliza kulikoni, alijibiwa kwamba hiyo ni rehema ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka katika nyoyo za waja wake. Maneno ya subira yalifuatwa na miguu na machozi ya aliyeyasema. Sisi wa leo tumeshika salamu ile ya kwanza, tukaacha safari na machozi.

Ndiyo maana ninashangazwa na amri ya "usilie," na hasa ile wanayopewa wanaume: "Jikaze, wewe ni mwanaume, watoto wanakuangalia." Watoto wakimwona baba analia kwa ajili ya mama yao, kuna ubaya gani? Hapa kwetu kijana wa miaka kumi na tano hupewa koleo na kuambiwa asitokwe na chozi, na baada ya hapo hakuna anayemwuliza chochote. Kwa watoto wadogo zaidi tuna kosa jingine, la kuwaambia kwamba baba amesafiri au amelala. Mtoto anayeambiwa amesafiri hungoja, na anayeambiwa amelala huanza kuogopa usiku. Aambiwe kwa upole, na mtu anayempenda, kwamba baba amekufa, kwamba hatarudi, na kwamba hakuna kosa lolote alilofanya yeye.

Lipo neno jingine ambalo natamani lifutike kabisa mitaani kwetu. Ni lile analoambiwa mwanamke aliyepoteza kichanga: "Bado mdogo, utapata mwingine." Linasemwa na wanawake wenzake, mara nyingi waliokwisha kuzaa wanne au watano, na linasemwa kwa mapenzi. Lakini mwanamke huyo maziwa bado yanamjaa kifuani na nguo zinalowa, na nguo za mtoto zilizofuliwa bado ziko kwenye kamba uani. Anaambiwa habari za mtoto ambaye hayupo ili asimlilie aliyekuwepo. Kama mtoto alipewa jina, litajwe. Kama hakupewa, inatosha kusema, "Mama, pole sana kwa mtoto wako," kwa sababu alikuwa wake na alikuwa mtoto. Kufika na kuchukua ndoo ya maji bila kusubiri kuulizwa kunasaidia kuliko ubashiri wa uzazi ujao.

Kwa mzee aliyekula chumvi nyingi tunajipa uhuru zaidi, na mara nyingi tunasherehekea umri wake kabla ya wanawe hawajamlilia. Mtu wa miaka sitini anayezika mama wa miaka tisini bado anazika mama. Wanawe wakisema "tunamshukuru Mungu kwa miaka aliyompa," tuungane nao, ila tusiwatangulie.

Halafu yapo maswali. Alikuwa anaumwa nini? Mlimpeleka hospitali gani? Mbona mlichelewa kumtoa kijijini? Wa rika langu tunaikumbuka miaka ya tisini, wakati familia nyingi zilipouficha ugonjwa wa UKIMWI, na swali la "alikuwa na nini" lilikuwa linawafanya wafiwa watazame chini na kujibu kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu. Nadhani tulipaswa kujifunza kutokana na miaka ile kwamba sababu ya kifo ni mali ya familia. Wapo leo wanaozika ndugu waliojitoa uhai, na hao swali hilo huwachoma zaidi ya wengine wote. Mfiwa akitaka kusimulia, atasimulia, tena mara nyingi atarudia zaidi ya mara moja, na kazi yetu ni kumsikiliza hata kwa mara ya tatu kana kwamba hatujawahi kuyasikia. Asipotaka, tusimvute ulimi. Hata salamu ya "habari za hapa" ina shida yake msibani, kwa sababu inamlazimisha mtu aliyefiwa kuitikia "nzuri." Afadhali "Shikamoo mama, pole," na kuketi.

Zipo pia nyakati ambapo hata "pole kwa msiba" ni neno la haraka mno. Mkoa wetu unaikumbuka ajali ya treni ya tarehe 24 Juni 2002, kati ya Igandu na Msagali, ambapo watu 281 walipoteza maisha baada ya treni ya abiria kurudi nyuma kwenye mteremko na kugongana na treni ya mizigo. Katika balaa la namna hiyo wapo watu ambao hawajui bado kama wamefiwa. Wanamtafuta ndugu, wanasoma orodha, wanaingia wodini na kutoka. Kumpa mtu wa namna hiyo pole ya msiba ni kumzika nduguye mbele ya macho yake. Mtu anayetafuta aambiwe, "Twende, tunatafuta pamoja," na aliyemwambia hivyo aende naye kweli. Maneno ya kifo yangoje uhakika, na yatoke kwa mwenye mamlaka ya kuyatoa.

Hapo ndipo ninapoingia kwenye suala la simu, ambalo kwangu ndilo linaloniumiza zaidi kwa wakati huu. Zamani habari ya kifo ilikuwa na mpelekaji wake. Mzee au mjomba alitumwa, akasafiri, akafika, akaketi, akapewa maji, na ndipo akasema. Na kijana aliye mbali aliambiwa kwanza "njoo nyumbani, mzee hajisikii vizuri," ili asiipokee habari nzito akiwa peke yake njiani. Leo pole inafika kabla ya habari. Namfahamu binti mmoja, mwanafunzi katika chuo kimojawapo cha hapa Dodoma, aliyefungua simu yake asubuhi akitoka bwenini kwenda darasani na kukuta katika kundi la WhatsApp la waliosoma naye sekondari ujumbe wa "pole sana kwa kuondokewa na baba," ukifuatiwa na alama nyingi za mikono iliyounganishwa na herufi zile tatu za Kiingereza ambazo siku hizi zimechukua nafasi ya sentensi nzima. Baba yake mdogo, aliyetumwa na familia kuja kumwambia, alikuwa bado kwenye basi. Aliyeandika ujumbe ule alitaka kuwa wa kwanza kumfariji, na akawa wa kwanza kumjulisha.

Ninaomba kila mwenye simu ajiulize jambo moja kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma: je, familia imekwisha kutangaza? Kama hajui, angoje. Rambirambi iliyochelewa saa sita haijamdhuru mtu, lakini iliyowahi dakika kumi imekwisha kuharibu. Na itakapotangazwa, aliye karibu na mfiwa amwandikie yeye binafsi, si kundini, ambako ujumbe wake utakaa kati ya tangazo la kiwanja kinachouzwa Nzuguni na matokeo ya mpira. Vilevile aandike kwa mkono wake. Wafiwa wanazitambua sala ndefu zenye maua ambazo zimekwisha kuzunguka simu za watu wengi, na mama mmoja aliniambia kwamba alipata ujumbe uleule kutoka kwa watu tofauti hadi akaacha kuusoma.

Dodoma yetu ya sasa inatupa sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kishindo mwaka 2016, na mji kutangazwa kuwa jiji mwaka 2018, mitaa ya Ilazo, Nkuhungu, Nzuguni na Ihumwa imejaa watu wa kila mkoa. Kwa hiyo misiba yetu mingi ni ya watu tusiowafahamu. Turubai linafungwa Ilazo jioni kwa ajili ya mama aliyefariki Bukoba au Rungwe, wafanyakazi wenzake na mfiwa wanafika na bahasha, sala inafanyika, na kabla ya alfajiri mfiwa yuko kwenye basi. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumwona marehemu. Hata hivyo huwa nasikia mtu akisimama na kusema kwamba mama yetu mpendwa ameacha pengo lisilozibika na tutaukumbuka ucheshi wake. Mfiwa anajua kwamba si kweli. Katika hali kama hiyo ukweli ni mtamu zaidi: "Hatukujaliwa kumfahamu mama, ila tumefanya kazi na mwanawe, tumeona uaminifu wake na namna anavyowasalimu hata wafagizi kwa heshima, na tunajua malezi hayo yalitoka kwa mtu." Niliyasikia maneno ya namna hiyo kutoka kwa mhasibu mmoja, mtu mpole asiyependa kusimama mbele ya watu, na mfiwa aliyekuwa hajalia tangu mchana alilia pale, kilio cha kumfungua.

Kuhusu barua za maofisi, sina mengi. Ninajua zina utaratibu wake, na "tumepokea kwa mshtuko na masikitiko makubwa" ni mlango unaokubalika wa kuingilia. Tatizo ni kwamba barua nyingi huishia mlangoni. Nimewahi kukabidhiwa barua ambayo aya yake ya kwanza ilimtaja marehemu wetu na aya ya pili ikamtaja mtu mwingine kabisa, kwa kuwa mwandishi alichukua barua ya msiba uliopita akabadilisha sehemu moja tu. Niliisoma kwa jina sahihi na kuikunja, lakini mjane alipoomba barua zote baadaye ili azihifadhi, ilinibidi nimweleze. Wakubwa wa ofisi wajue kwamba barua hizi hutunzwa. Huwekwa kwenye bahasha moja na cheti cha kifo na picha za mazishi, na watoto watazisoma wakishakuwa watu wazima. Urefu wa barua si kipimo. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki katika ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akitoka hapa Dodoma kwenda Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere aliliambia taifa redioni kwa maneno machache na ya kawaida, kama mtu anayewaeleza ndugu zake, na nchi nzima ikaelewa uzito wa kilichotokea bila kupambiwa.

Barua bora kuliko zote nilizowahi kuzisoma niliiandika kwa kuambiwa na mkulima mmoja wa zabibu kutoka Mpunguzi, ambaye alikuja msibani na baiskeli, akasubiri nimalize kuandika michango, kisha akasema hana fedha ila ana maneno. Alinitajia sentensi moja moja, akihakikisha nimeandika kabla ya kuendelea. Zilikuwa hivi: "Watoto wa marehemu, mimi hamnijui. Nilipoanza shamba, baba yenu alinipa miche ya mizabibu na alikuja mwenyewe kunionyesha namna ya kupogoa. Nilitaka kumlipa akakataa. Shamba lile ndilo linalosomesha wanangu. Nimeona mjue." Hakutaja pengo, pepo wala mapenzi ya Mungu. Nilipoisoma, mtoto mkubwa wa marehemu aliinua kichwa akauliza huyo mtu yuko wapi, na akaenda kumtafuta nyuma kabisa, walikokuwa wamesimama waliokosa viti. Familia ile haikuwa na habari yoyote juu ya miche hiyo. Walipewa siku ile kipande cha baba yao ambacho hawakuwa nacho, na nadhani hakuna zawadi nyingine ambayo rambirambi inaweza kutoa inayofikia hiyo.

Nataja kwamba mkulima yule hakuwa na fedha kwa makusudi. Mtindo wa kusoma majina na kiasi cha mchango wa kila mtu kwa kipaza sauti umewafanya wanyonge kadhaa wa mtaa wetu wasije msibani kabisa, wakiogopa kuonekana mikono mitupu. Michango inahitajika, sanda na jeneza na chakula havipatikani bure, lakini pole haina ada. Kamati yetu iliacha kusoma viwango na kuanza kusoma majina tu pamoja na salamu, na mahudhurio yakaongezeka.

Kuna jambo la imani za watu, ambalo hapa Dodoma halikwepeki kwa kuwa katika mtaa mmoja mna Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Wapentekoste na Waislamu. Mkatoliki akimwombea marehemu raha ya milele na mwanga wa milele umwangazie, anasema kilicho chake na wenzake huitikia. Mwislamu akimwomba Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, amsamehe makosa yake na ampe kauli thabiti, vivyo hivyo. Lakini yako madhehebu yasiyowaombea waliokufa, na ninawafahamu wafiwa wa Kipentekoste waliokaa kimya kwa adabu huku wageni wakimwombea marehemu wao jambo ambalo wao hawaliamini. Ushauri wangu kwa anayeandikia nyumba ya imani nyingine ni huu: wewe waombee walio hai. "Mwenyezi Mungu awape nguvu na awafariji" ni sala ambayo sijaona nyumba inayoikataa. Naye aliyemjua mfiwa vizuri na kuijua dini yake, atumie maneno ya mfiwa, si yake.

Mwisho wa kazi ya kamati ni siku turubai linapofunguliwa na viti kurudishwa kwa mwenyewe, na hapo ndipo wengi wetu tunapodhani kwamba na maneno yamekwisha. Kwa mfiwa ndipo yanapoanza kuhitajika. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na wiki mbili baada ya mazishi wageni wamekwisha kukatika. Wajane na wagane wameniambia kwa namna mbalimbali jambo lilelile, kwamba watu huacha kulitaja jina la marehemu mbele yao, wakidhani wanawaepusha na uchungu. Uchungu wenyewe haujaondoka, kwa hiyo hakuna wanachowaepusha nacho. Mtu anayekutana na mjane sokoni Majengo baada ya miezi mitatu na kumwambia, "Mama, jana nimepita pale karakana nikamkumbuka mzee, alivyokuwa akinikemea kwa breki mbovu," amemfanyia wema mkubwa, hata kama machozi yatamtoka pale pale kati ya mafungu ya nyanya. Aliyeogopa kuja msibani kwa kukosa maneno bado ana nafasi. Aende mwezi wa tatu, wa sita, au siku ya kumbukumbu ya mwaka, wala asijieleze kwa nini alichelewa.

Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwako. Kurasa zenu za tanzia na kumbukumbu huwa zina matangazo ambayo nembo na jina la taasisi inayotoa pole ni kubwa kuliko jina la marehemu, na maandishi yake hayana neno hata moja linalomhusu yeye peke yake. Naomba wahudumu wenu wa matangazo wawaulize wateja swali moja zaidi wanapopokea tangazo: marehemu alifanya nini ambacho mngependa kikumbukwe? Sentensi moja ya namna hiyo haitaongeza gharama kubwa.

Ombi la pili ni kwa makatibu wenzangu wa kamati za misiba na kwa wanaoongoza shughuli za mazishi. Kabla ya kushika kipaza sauti, keti na msemaji wa familia kwa dakika chache umwulize ni jina gani la marehemu linalotumika nyumbani, kama familia imeridhia sababu ya kifo itajwe, ni nani ambaye bado hajaambiwa, na ni sala za namna gani wangependa. Kisha soma barua zote kimya kimya kwanza. Sisi tumeyaandika maswali hayo kwenye karatasi na kuigundisha ndani ya jalada la daftari la kamati, na katibu wa mtaa mwingine akitaka nakala, ofisi yako ina anwani yangu na ninairuhusu impe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma